Mrejesho: nimeuchukua upanga wa mikono miwili

Wakuu, wiki ile niliuliza kwenye lile gemu la Dark Souls nibaki na upanga mdogo na ngao au nihamie silaha ya mikono miwili, mkagawanyika kweli. Basi nimeenda kuokota ule Zweihander, upanga mkubwa wa mikono miwili, pale makaburini karibu na Firelink, ile kambi ya kuanzia, maadui wa mifupa wameniua mara sita kabla sijaufikia 😂 Unataka pointi za nguvu 24, mi nina 16 tu, ila jamaa aliyesema ukishika kwa mikono miwili nguvu inahesabika mara moja na nusu alikuwa sahihi, 16 inakuwa 24, nikaubeba. Aisee lile pigo zito la kutoka juu linamlaza adui chini kama chapati, kabla hajainuka unamwongeza lingine.

Shida ikaja kwa bosi anaitwa Capra Demon, kachumba kadogo, mbwa wawili washakurukia na wewe ndo kwanza unanyanyua upanga, stamina (pumzi ya kupigana) kwisha. Hapo nikarudi kwenye ngao na upanga mdogo, nikakimbilia ngazini, nikamaliza mbwa kwanza. So sasa hivi natembea na vyote nabadilisha tu, ila uzito jamani, nikijiviringisha kukwepa pigo naanguka kama gunia la mkaa.