Daluga za soli ngumu au laini: ipi inafaa viwanja vyetu vya Mtwara?

Winga wa Shangani
Habari za jioni wakuu. Korosho zimelipa, mzee kanikatia kidogo, na nimetenga elfu sitini ya daluga. Nacheza winga ya kulia, nina kilo 64, mchezo wangu ni mbio na kuingia ndani kwa chenga. Uwanja wetu ni wa shule: katikati udongo umeshindiliwa kama sakafu, pembeni mchanga, nyasi ziko kwenye kona mbili tu.

Nimeona pea tatu. Ya kwanza mpya, nyepesi sana, soli ya plastiki ngumu isiyokunjika, meno bapa marefu. Ya pili mtumba wa ngozi, meno 12 mafupi ya duara, soli inakunjika. Ya tatu zile za vimeno vidogo vingi vya mpira. Moyo wangu uko kwa ya kwanza, maana nimeambiwa soli ngumu ndiyo inayotoa kasi. Ni kweli?

Beki wa Newala
Ni kweli, mkuu. Soli ngumu haipotezi nguvu kwa kujikunja pale unapochomoka. Mimi ni beki wa kati, kilo 85. Nikivaa laini naona nakanyaga godoro, na dakika ya sabini nyayo zimechoka. Ngumu inanibeba nikiruka kupiga kichwa. Chukua ya kwanza.

Fundi wa Mkanaledi
Kaka, usikimbilie kulipa. Mimi nashona viatu, na msimu wa ligi za mitaa daluga ndizo zinazojaza kibanda changu. Nakueleza ninachokiona.

Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kisha sukuma. Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia, mahali mguu wenyewe unapokunjika. Kikijikunja katikati ya unyayo, kirudishe mezani hata kama ni cha bei gani. Hicho hakikubebi, na gundi yake itaachia hapo hapo. Kisipokunjika kabisa, mguu utataka kukunjika na kiatu kitakataa, kisha utakuta kisigino kinachomoka ndani kila hatua. Malengelenge ya nyuma mengi chanzo chake ni hicho, ingawa watu husingizia soksi.

Sasa udongo wako. Jino likikanyaga nyasi au udongo laini linazama, uzito unaenea soli nzima. Kwenye sakafu kama hiyo ya shule halizami, kwa hiyo unasimama juu ya meno matupu. Soli ikiwa nyembamba na ngumu, kila jino unalihisi. Kuna kijana aliniletea zake nizitoboe upya matundu ya kamba. Alipovua soksi nikaona madoa mawili mekundu chini ya mzizi wa kidole gumba, yamekaa sawasawa na meno mawili ya mbele. Alikuwa amecheza kipindi kimoja tu.

Angalia pia herufi kwenye soli au kwenye ulimi. FG ni ya uwanja mkavu wenye nyasi, SG ya uwanja laini wenye maji, AG ya nyasi bandia ndefu, TF ndiyo ile ya vimeno vya mpira. Pea yako ya kwanza bila shaka ni FG, na FG inadai nyasi.

Beki wa Newala
Fundi, hapo kwenye nyasi nakubali. Sisi tunacheza sana masika, ardhi imelowa, meno yanazama. Sikuuliza uwanja wake ukoje wakati wa kiangazi.

Nesi wa Ligula
Naongeza la afya. Meno bapa marefu yakishika ardhi na mwili ukageuka, mguu unabaki na goti ndilo linalozunguka. Kwa winga anayegeuka kila dakika hilo ni jambo la kuogopa. Meno ya duara huachia kirahisi zaidi.

Lakini wanangu, msikimbilie laini ya kupindukia. Soli inayokunjika kama kandambili huacha kidole gumba kipinde mno kwenda juu, na kano za chini yake huumia. Maumivu hayo hukaa wiki nyingi. Na mwenye mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayelalamika kisigino baada ya mazoezi asimwambie avumilie. Mfupa wa kisigino bado unakua na kano kubwa ya nyuma inauvuta; ardhi ngumu na kiatu chembamba huzidisha. Apumzike, awekewe kiatu chenye mto.

Kocha wa Mtanda, Lindi
Fujo za meno ni za zamani. Fainali ya Kombe la Dunia la 1954 kule Bern mvua ilinyesha, Wajerumani wakafunga meno marefu ya skrubu wakawashinda Hungaria 3-2. Walichagua meno kwa kuutazama uwanja wa siku ile. Na ngozi laini yenye meno 12 ya duara si kiatu cha kudharau: adidas Copa Mundial imetoka 1979, na mpaka leo inatengenezwa.

Ila mimi nautetea mpira wa pea ya tatu kwa katikati ya uwanja wako. Vimeno vingi vinagawana uzito, mguu haupigwi. Udhaifu wake ni mchanga wa pembeni: utateleza ukikata kona kwa kasi. Kiungo ningempa hizo bila kuuliza. Winga anayeishi mstarini, hapana.

Winga wa Shangani
Asanteni sana, nesi, fundi na wakuu wote. Leo nilirudi sokoni nikazikunja zote tatu mbele ya muuzaji. Ya kwanza haikutikisika. Ya mtumba ilikunjika pale pale vidole vinapoanzia, ila mshono wa kulia umeanza kufumuka kama inchi moja. Nimeichukua kwa elfu thelathini na tano. Fundi, kesho asubuhi uko kibandani? Naileta pamoja na kipande cha godoro la mazoezi, unikatie soli ya ndani.

Fundi wa Mkanaledi
Nipo kuanzia saa mbili. Njoo na soksi utakazochezea, tupime nazo.