Naombeni ushauri: RX J1856.5-3754 niiite nyota ya kwaki?

Mwanagenzi_Anga: Wakuu, habari za muda huu. Nipo kwenye tasnifu ya uzamili. Nimechambua data za 2001 za Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, kuhusu nyota ndogo iliyokolea iitwayo RX J1856.5-3754. Spektra ya eksirei imetulia kama ya gimba jeusi (si shimo jeusi, bali kitu ambacho mng'ao wake hutegemea joto lake tu), haina mstari wa elementi yoyote, na joto ni kelvini laki saba hivi. Nikiweka umbali wa miaka ya nuru 400, nusu kipenyo kinatoka kilomita 4 na ushee. Kwa nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanwa cha nyota iliyolipuka, hapo ni padogo mno, maana hutarajiwa kilomita 10 hivi! Mtafiti Drake na wenzake walisema mwaka 2002 kwamba huenda ni nyota ya kwaki, yaani iliyobanwa zaidi hadi nyutroni zikavunjika kuwa kwaki, chembe zinazoziunda. Niandike hivyo? Hili jambo linaninyima usingizi.

Mchambuzi_Mkongwe: Usiandike, dada. Hizo kilomita 4 ni za eneo lenye joto kali tu. Leta na vipimo vya mwanga wa kawaida vya darubini ya Hubble: nyota ni hafifu mno, daraja la 25 na ushee, lakini mwanga huo bado unazidi mara sita hivi ule unaotabiriwa na gimba jeusi lako. Kuna eneo pana lililopoa zaidi ambalo Chandra hailioni vizuri. Linganisha data na magimba jeusi mawili kwa pamoja, moja la moto na moja lililopoa, uone nusu kipenyo kinavyovuka kilomita 10.

Mwanagenzi_Anga: Asante mkuu. Ila kama ni doa la moto, mbona Chandra haikuona likipepesa nyota inapozunguka?

Mchambuzi_Mkongwe: Linapepesa. Watafiti Tiengo na Mereghetti walilikamata 2007 kwa XMM-Newton, darubini nyingine ya eksirei: kipindi ni sekunde 7.055, na mapigo ni kama asilimia 1.2 tu ya mwanga wote. Kwa udogo huo unahitaji fotoni nyingi sana. Chukua data za EPIC-pn, kamera ya XMM-Newton, hamishia nyakati za fotoni kwenye kitovu cha mfumo wa jua, ndipo ukunje, yaani upange fotoni zote juu ya mzunguko mmoja. Ukiruka hatua hiyo, kipindi chako kitahama.

Pwani_Fizikia: Naongezea umbali. Makala ya zamani yana parsek 61 (parsek moja ni miaka ya nuru 3.26), baadaye ikapanda hadi 120 hivi. Ukichanganya, nusu kipenyo kinakatika nusu. Na kaza buti, dada yangu: Uhuru, setilaiti ya kwanza ya eksirei, ilirushwa hapa kwetu nje ya Malindi, 12 Desemba 1970.

Mwanagenzi_Anga: Nimeelewa. Kwaki naipa aya moja kwenye mjadala, na leo usiku naanza kupakua za XMM.