Naombeni ushauri: mdogo wangu ana kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, wakili namchaguaje?

Dada wa Chanika:
Habari zenu wakuu, nimechoka sana mnisamehe nikichanganya maneno. Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, ni bodaboda, mwezi uliopita alikamatwa kijiweni akaambiwa yeye na wenzie walimpora mtu pikipiki usiku kwa panga. Sasa yuko gereza la Segerea na kosa halina dhamana. Yeye anasema usiku ule alikuwa msibani Mbagala, na kweli nakumbuka alinipigia kuniuliza rambirambi atoe shilingi ngapi. Kila tukienda mahakamani kesi inatajwa tu, upelelezi haujakamilika, anarudishwa kwenye karandinga tunapungiana mkono basi.

Nimepata mawakili wawili. Wa kwanza mtu mzima kaletwa na shemeji, anataka milioni 7 na anasema ndani ya miezi miwili dogo yuko nyumbani kwa sababu PP (mwendesha mashtaka wa serikali) anamfahamu, hati ya mashtaka hata hakuiulizia. Wa pili ni mdada bado kijana, milioni 3 na nusu kwa awamu, aliniambia nimpelekee hati kwanza, na kushinda hawezi kuniahidi. Ukoo mzima wanamtaka wa kwanza, wanasema huyu binti atatupotezea mtoto. Mimi nina milioni 2 za kikoba, zilizobaki mama anataka auze kiwanja. Hii kesi akikutwa na hatia ni miaka 30, nisije nikakosea jamani.

Baba Wawili:
Pole sana dada. Huyo wa "PP namfahamu" achana naye kabisa. Mwaka 2019 tulimlipa wakili wa aina hiyo kwa kesi ya kaka yangu, alikuja siku ya kwanza kavaa vizuri tukafurahi, baada ya hapo akawa anatuma mawakili wenzie wamshikie kesi, kila anayekuja anatuuliza mlangoni mshtakiwa anaitwa nani. Siku ya ushahidi hakuja mtu, simu haipokelewi, hakimu akasema kesi imekaa sana tunaendelea. PP akatoa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya kaka mwenyewe yaliyoandikwa polisi, kaka akaulizwa una pingamizi yakipokelewa? Akajibu sina, maana alidhani anaulizwa kama sahihi ni yake. Yakapokelewa, yakasomwa pale pale, mahakama nzima ikasikia kwamba amekiri. Mpaka leo mama yetu akisikia neno pingamizi analia.

Karani Mstaafu:
Hicho alichoeleza Baba Wawili nimekiona mara nyingi, nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi. Pingamizi linatolewa kabla kielelezo (hati au kitu cha ushahidi) hakijapokelewa, ukishasema huna imeisha. Polisi wana masaa manne tangu mtu akamatwe kuchukua maelezo yake, wakizidisha bila kuongezewa muda kihalali wakili makini anasimama hapo hapo anayapinga. Mshtakiwa peke yake atajulia wapi.

Binti yangu, ushauri wangu ni huu, waulize wana kesi lini zinazosikilizwa, uende ukakae nyuma usikilize. Mahakama ni ya wazi, hakuna wa kukufukuza. Usiangalie nani ana sauti kubwa, sikiliza maswali ya dodoso, yale wakili anayomuuliza shahidi wa upande wa pili. Kesi kama ya mdogo wako mara nyingi inasimama kwenye utambuzi wa usiku, na Mahakama ya Rufani tangu Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, imesema wazi utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, lazima kuangalia mwanga, umbali, muda ambao shahidi alimwona mtu, na kama alimjua kabla. Nilimshuhudia wakili mmoja mpole, hata sauti ilikuwa haifiki nyuma. Shahidi kasema alimwona mshtakiwa kwa taa ya duka. Akamuuliza duka lilifungwa saa ngapi? Saa mbili. Taa ya ndani au ya nje? Ya ndani. Tukio saa ngapi? Saa sita. Usiku ule kituoni uliwaeleza polisi huyo mtu yukoje? Shahidi akakaa kimya, hakimu akawa anaandika tu. Na hicho kinachoandikwa ndicho kitakachosomwa hata ikifika rufaa, swali ambalo halikuulizwa huku chini haliwezi kuulizwa kule juu.

Na huo msiba usiuchukulie kirahisi. Utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio unatolewa notisi mapema, kabla usikilizwaji haujaanza, ukija kuusema mwishoni hakimu anaweza asiupe uzito wowote. Mliulizwa habari ya msiba na nani kati ya hao wawili?

Dada wa Chanika:
Yule binti. Aliniuliza msiba ulikuwa wa nani na nani alikuwa na mdogo wangu. Wa kwanza alinikata nikaacha kuongea.

Mkaazi wa Kinyerezi:
Mi nitapingana kidogo, ujana peke yake sio sifa. Muulize kesi ngapi za unyang'anyi wa silaha amezisimamia mpaka hukumu, sio alizokuwa anamshikia mtu. Hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII, tafuta jina lake. Pia ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni yake iko hai mwaka huu, maana vishoka wamejaa kwenye viunga vya mahakama na suti zao. Makubaliano yawe ya maandishi, yaseme yeye mwenyewe ndiye atakayesimama siku za ushahidi, na risiti kila awamu.

Mama Ntilie Ilala:
Kiwanja msiuze kwanza dada. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mdogo wako anaweza kumweleza hakimu kwamba hana uwezo, hakimu akiona haki inahitaji anaweza kuagiza apatiwe wakili. Inaweza kuchukua muda lakini aseme, isije ikawa hakuomba.

Dada wa Chanika:
Wakuu asanteni, narudi na mrejesho. Nilikaa mahakamani siku mbili. Wa kwanza kesi yake iliitwa hakuwepo, kamtuma mtu. Yule binti alikuwa na kesi ya wizi, alimuuliza shahidi maswali kama tisa tu halafu akakaa, nikaona PP ameinama anapekua faili. Leseni yake iko hai, nikampa milioni moja tukaandikishana.

Juzi alikaa na dogo Segerea karibu saa nzima. Alipotoka aliniuliza kama daftari la rambirambi bado lipo. Nikaenda Mbagala kwa wafiwa, lipo, jina la mdogo wangu liko ukurasa wa tatu, sh 5,000, kwa kalamu nyekundu. Nililia pale pale kwa watu. Lakini wakili amesema daftari linaonyesha alifika, halionyeshi saa sita usiku alikuwa wapi, anamtaka mtu aliyelala naye chini ya turubai. Wapo watatu, wawili wamekubali kuja kutoa ushahidi, wa tatu yuko Mafia anavua, kesho nampigia tena.