Mrejesho: dalali niliyelalamika kuulizwa "bei gani?" tu

Wakuu, ni mimi dalali wa viwanja wa Goba na Madale, Dar es Salaam. Niliuliza kwa nini picha za viwanja zinaniletea maswali ya bei lakini saiti haji mtu. Mkaniambia niandike maelezo, nishirikiane na madalali wenzangu.

Sasa bei naiweka wazi, naandika kiwanja kimepimwa au la, skwea mita ngapi, lami iko mbali kiasi gani, nguzo ya umeme imeishia wapi. Hata mteremko nautaja; Goba na vilima vyake utaficha nini? Wapiga soga wamepungua sana.

Andiko lililosambaa kuliko yote halikuwa la kuuza kitu: nilieleza jinsi ya kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangaliziwa kwenye kumbukumbu za serikali kiwanja ni cha nani, kabla hujalipa hata shilingi. Mama mmoja wa Muscat, Oman, alilisoma, akamtuma kaka yake, kiwanja kikauzika.

Kwa madalali wenzangu, kamisheni nusu kwa nusu, na tunaandikiana WhatsApp kabla mteja hajapelekwa. Wa Kigamboni wamekubali. Wa Bunju bado wananizungusha.

Video sijaanza. Mwenye uzoefu wa kurekodi kwenye upepo aniambie anatumia maiki gani.