Tupeane uzoefu: Death Magnetic ya Metallica, wahakiki walisifu, masikio yakalalamika

Mdau wa Kinondoni
Wadau, vijana wanaoingia kwenye rock wanauliza sana albamu ya bendi kongwe inapimwaje. Tuchukue Death Magnetic ya Metallica, bendi ya metali ya Marekani, Septemba 2008. Wahakiki wengi waliipokea vizuri, lakini mashabiki zaidi ya 10,000 wakatia saini kutaka ichanganywe upya. Pande zote zilikuwa na hoja. Mwenye utaalamu amwage hapa, stori za ujana tuziache.

Mzee wa Kaseti
Anzeni na St. Anger ya 2003, la sivyo sifa zile hamtazielewa. Haina solo hata moja, yaani kile kipande gitaa linapoongoza peke yake. Mpiga ngoma wao Lars Ulrich aliachia nyaya za chini ya ngoma ya snea, basi inalia kama sufuria inayogongwa mwiko. Miaka mitano baadaye solo zikarudi, nyimbo 10 za karibu dakika 75, na Rick Rubin kashika nafasi ya prodyuza Bob Rock aliyekuwa nao tangu albamu ya 1991. Mhakiki akiandika "wamerudi", muulize wamerudi kutoka wapi. Ndivyo ilivyo hata kwa Msondo na Sikinde: kibao kipya kinapimwa kwa vile vya zamani.

Fundi Mitambo Ilala
Shikamoo mzee. Kwenye nyimbo sina ubishi, tatizo liko kwenye sauti. Sauti ya dijitali ina dari, yaani kikomo ambacho haiwezi kukivuka. Ngoma inatakiwa iruke juu ya magitaa kila inapopigwa. Ukisukuma kila kitu juu ili CD isikike kubwa, vile vilele vya ngoma vinagonga dari na kukatwa, na hapo sauti inapasuka. Watu waligundua kwa sababu nyimbo hizohizo ziliwekwa kwenye gemu ya Guitar Hero bila kusukumwa hivyo, na kule ngoma inapumua. Msimlaumu Ted Jensen aliyefanya masta, yaani hatua ya mwisho ya kurekebisha sauti kabla albamu haijatoka, alisema mwenyewe kazi ilimfikia ikiwa tayari imeminywa.

Kuhakikisha: pakua Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, ni bure. Fungua wimbo ulionakiliwa kutoka CD ukiwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Faili ya MP3 iliyozunguka WhatsApp haifai, maana kule kubana faili iwe ndogo huzalisha vilele vipya na utapata jibu la uongo. Nenda menyu ya View, washa Show Clipping, mistari myekundu itatokea pale sauti inapogonga dari. Vuta karibu mpaka uone wimbi moja moja: kilele kizima kimechongoka au kimeviringa, kilichokatwa ni bapa kama meza.

Dada wa Sinza
Kaka Fundi, umeruka hatua kubwa. Kabla ya kulinganisha albamu mbili, shusha ile yenye kelele mpaka zilingane. Sikio linapenda kilicho kikubwa, litakudanganya mchana kweupe.

Halafu sabufa la Kariakoo lisikuhukumie kitu, besi inafunika mpasuko wote. Hedifoni za waya, sauti nusu. Bluetooth nayo inabana upya. Jaribuni The Day That Never Comes: dakika ya kwanza ni gitaa laini, linganisheni na dakika mbili za mwisho.

Na ile mbinu ya kusukuma haina faida tena mtandaoni. Spotify inashusha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kelele inaondoka, ila vilele vilivyokatwa havirudi.

Mdau wa Kinondoni
Sasa ile alama ya Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, tuisomeje?

Mzee wa Kaseti
Ile ni wastani wenye uzito, kila gazeti halihesabiwi sawa. Nyota 4 kati ya 5 zinageuzwa kuwa 80, na aliyesifu utunzi huku akiponda sauti anabaki na 80 yake hiyohiyo. Fungua uhakiki wenyewe, tafuta sentensi inayotaja ngoma. Kama hakuna, huyo kapima utunzi tu.

Fundi Mitambo Ilala
Hapo kwenye ngoma umemaliza, mzee. Mwenye faili ya WAV ya Master of Puppets, albamu yao ya 1986, kutoka CD ya zamani, siyo ile iliyosafishwa upya, aiweke kwenye Audacity sambamba na hii alete picha.