Yule mzee wa geti la buluu amenifungia maji nikiwa na sabuni usoni

Shaba Imefika:

Wakuu, naomba mniwie radhi kwa kuanza bila salamu, kwa sababu sabuni ninayotaka kuizungumzia bado haijakauka vizuri masikioni mwangu.

Sitamtaja jina na sioni haja ya kumtaja. Yeyote aliyewahi kushuka na mzigo kutoka mpakani Tunduma anamfahamu yule mzee wa geti la buluu, mwenye yadi ya kulaza malori na koti refu la mtumba linalofagia uwanja anapotembea, ambaye hulamba kidole kabla ya kuhesabu fedha, kisha hukukabidhi chenji iliyolowa kana kwamba ameitoa mtoni. Tochi yake ina mwanga wa kutosha kuongoza ndege kutua, naye huwa haimuliki lori wala ukuta, bali humulika macho ya dereva aliyelala.

Nimetoka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, na shaba. Tunduma nimekaa kwenye foleni siku mbili, nikisogea kwa mwendo wa kinyonga mgonjwa, nikilala kwa jicho moja kwa kuwa la pili lilikuwa zamu ya kulinda tenki la mafuta na turubai. Niliponasuka nikapimwa mizani ya Mpemba, nikapimwa tena Makambako, na kote huko walijiridhisha na uzito wa kila ekseli hadi kilo ya mwisho, lakini hapakuwa na mtu yeyote wa kunipima usingizi, ambao kwa makadirio yangu ulikuwa umeshazidi tani 56 zinazoruhusiwa kisheria.

Saa tisa usiku nikaingia kwa mzee. Nikalipa shilingi 10,000 za maegesho, 1,000 za kuoga na 500 za choo, zote kutoka katika posho yangu ya njiani, na stakabadhi niliyopewa ni kikohozi. Bafu lenyewe ni mabati matatu na gunia. Sikulalamika. Nikajipaka sabuni kuanzia utosini hadi visiginoni kama bwana harusi, na nilipofumba macho ili nijisuuze, maji yakakatika. Hayakukatika kwa mgawo, ndugu zangu, bali yalikatwa kwa mkono wa binadamu, maana niliisikia koki ikilia ilipokuwa inafungwa. Nikaita, "Mzee, maji!" Naye, akiwa amesimama upande wa pili wa gunia, karibu kiasi cha kumsikia akipumua, akanijibu kwa utulivu kabisa:

"Na wewe dereva wa lori unaoga ili uende wapi?"

Nilikuwa na sabuni usoni. Naomba mlitafakari jambo hilo. Shaba niliyoibeba ina lakiri, ina bima, ina kifaa kinachomjulisha tajiri wangu kila ninaposimama hata kwa kuchimba dawa, na mimi ninayeiendesha nimesimama uchi nyuma ya gunia, katika baridi ya nyanda za juu, nikiulizwa ninaoga ili niende wapi. Ili niende kuushuka mlima Kitonga! Ndiko nilikokuwa nakwenda.

Mzawa wa Mafinga:

Mkuu, pole, lakini jambo moja sijalielewa. Huu ni mwezi wa saba. Sisi tuliozaliwa huku, mwezi wa saba, saa tisa usiku, hata jina la maji hatulitaji. Inawezekana kabisa kwamba yule mzee hakukutukana, bali alikuwa mtu mzima anayejaribu kuokoa maisha yako.

Utingo Mstaafu:

Mzawa, usimkejeli mwenzako. Mzee huyo namfahamu tangu geti lake lilipokuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye miti miwili, na hata wakati huo alikuwa akitoza fedha za kuiinua. Mwaka mmoja tulilala katika yadi yake hiyohiyo inayoitwa ya ulinzi, dereva akiwa ndani ya kabini nami nikiwa juu ya turubai, tukaamka tumeibiwa betri zote mbili, tairi la akiba, jeki na sufuria iliyokuwa na wali uliobaki. Nilipomwuliza alikuwa wapi, alisema alikuwa akilinda. Nilipomwuliza alikuwa akilinda nini, alisema geti, na ni kweli geti lilikuwepo.

Shaba Imefika:

Nawashukuru wote mlionipa pole, lakini naona habari za betri zinataka kuifunika habari yenyewe. Betri hununuliwa. Mimi nilikuwa na sabuni usoni, na mtu mzima mwenye wajukuu akaniuliza ninaoga ili niende wapi. Swali hilo nimetembea nalo kutoka pale hadi Iringa, na kwenye kila kona nilipata jibu zuri zaidi ambalo ningempa.

Mama Supu wa Stendi:

Wanangu, nawasikiliza nyote, sasa nami mnisikilize. Mnalilia maji, lakini ni nani anayefagia mbele ya kibanda changu kila asubuhi? Mnaegesha malori matatu mlangoni, wateja wangu wa kawaida hawaoni hata moshi wa supu, na mnapoondoka mnaniachia chupa za mkojo zimepangwa kando ya barabara kama za kuuza juisi. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja alitaka kuokota moja akidhani ni mafuta ya alizeti. Mimi si mzee wa geti, nami hukopesha, lakini kila nikiwaona mnalia huwa nakumbuka zile chupa.

Mzigo wa Nje:

Shikamoo, mama. Chupa hizo ni aibu yetu, na sitazitetea. Naomba tu utuelewe kwamba dereva aliyesimama kwenye foleni akikiacha kichwa cha lori kwa dakika tano ili atafute choo, atakaporudi atakuta foleni imesogea, nafasi yake imechukuliwa, na kijana aliyeinama chini ya tenki ameshajaza dumu la pili. Kwa hiyo mtu hukaa ndani ya kabini na chupa yake. Choo kingekuwepo mahali lori linapoonekana, hata wewe ungepumzika na ufagio.

Mwenye Gari Dogo:

Mbona hakuna anayetuzungumzia sisi? Ninyi mnapokosa yadi mnalala barabarani, nusu ya trela ikiwa juu ya lami, bila taa, bila pembetatu za kuakisi, na onyo pekee tunalopewa ni matawi matatu ya mti yaliyonyauka ambayo usiku huwezi kuyaona mpaka umeshayakanyaga. Mimi nimenusurika mara mbili. Mara ya pili mke wangu alishuka garini akakataa kupanda tena mpaka jua lilipochomoza. Afadhali sabuni, ndugu yangu, kuliko kuingia chini ya trela.

Mzigo wa Nje:

Mwenye gari dogo, unasema kweli, lakini hebu panda nami kabini tuikamilishe safari. Nimetoka Dar es Salaam, nimepoteza saa kadhaa kwenye mizani ya Vigwaza, nimepita Morogoro giza likiwa limeshaingia, na mbele yangu kuna Hifadhi ya Mikumi, kilomita zipatazo 50 ambazo barabara inapita katikati ya tembo na twiga. Ndani humo siruhusiwi kusimama nikalala, wala nisingethubutu. Nikiongeza mwendo nitapigwa faini, na nikimgonga mnyama nitamlipia kwa bei inayoweza kumaliza posho ya mwaka mzima. Nikisinzia humo ndani, je, nifanye nini? Ama nisimame kabla ya hifadhi, ambako nafasi zote zimejaa tangu saa mbili usiku, ama nivuke nikiwa nimeyashikilia macho kwa vidole. Anayesimama kandokando ya lami hapendi kulala hapo. Anakuwa ameshashindwa.

Dereva wa Malaba:

Watani wa Tanzania, poleni, lakini naona mnadeka. Ninyi mna mzee mwenye geti, hata kama ni geti lisilosaidia. Huku kwetu Kenya, toka Mombasa hadi Malaba mpakani na Uganda, geti lenyewe ni bahati. Mwulizeni yeyote kuhusu Salgaa: malori yamejipanga pande zote mbili za barabara kuu, kwenye mteremko, dereva aliyelala upande huu na anayeshuka akiwa na breki zilizochoka upande ule, na katikati yao watu wanavuka kununua mahindi ya kuchoma. Mwaka 2020, tulipokuwa tukisubiri matokeo ya vipimo vya korona mpakani, foleni ilinyooka makumi ya kilomita, na sisi tulilala humo siku kadhaa, tukipikia chini ya trela. Bafu letu lilikuwa mvua. Hakuna aliyeweza kutufungia mvua, hilo nalikubali.

Shaba Imefika:

Kaka wa Malaba, umesema mwenyewe: hakuna aliyewafungia. Mimi nilifungiwa. Tena nililipia.

Mbongo wa Ughaibuni:

Habari za huko nyumbani. Mimi naendesha lori Marekani, na ningependa kuwaondolea ndoto kwamba huku mambo yote yamenyooka. Sheria hainiruhusu kuendesha zaidi ya saa 11 baada ya mapumziko ya saa 10, na kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya kabini inahesabu kila dakika. Saa zikiisha ni lazima nisimame, lakini hainiambii ni wapi, na ikifika jioni vituo vyote vimejaa, hivyo tunalala kwenye njia za kuingilia barabara kuu na nyuma ya maduka yaliyofungwa.

Mwaka 2009 dereva aitwaye Jason Rivenburg alifika mapema mno mahali pa kushushia mzigo huko South Carolina, na kwa kuwa hakuweza kupokelewa kabla ya muda, aliegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa ili apumzike. Akapigwa risasi akafa, na kilichoibwa ni dola saba. Mke wake alihangaika mpaka mwaka 2012 bunge likapitisha kifungu cha sheria kuhusu maegesho salama, kinachojulikana kwa jina la marehemu, na hadi leo nafasi ni ya kugombania. Bafu la huku lina maji ya moto, hilo sitawaficha, ila nalo lina foleni.

Utingo Mstaafu:

Dola saba. Huyo hata kwa mzee wa buluu zingemtosha kulala, kuoga na kubaki na chenji, ingawa chenji yenyewe ingekuwa na mate. Mungu amrehemu.

Reli Kwanza:

Nasoma uzi huu tangu mwanzo na ninashangaa kwamba hakuna aliyesema lililo wazi. Shaba hiyo haikupaswa kuwa barabarani. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa katika miaka ya sabini kwa ajili ya shaba hiyohiyo. Irudishwe hali yake ya zamani, mizigo mizito ipakiwe huko, na mzee wa geti la buluu atabaki kumfungia maji mbuzi wake.

Mzigo wa Nje:

Nasi utatupakia behewa la ngapi? Nina watoto wanne, kaka. Tunaomba choo, na wewe unatuletea barua ya kuachishwa kazi.

Reli Kwanza:

Mngekuwa mnalia kwa dhati, mngeanza kwa kuacha kuuza mafuta ya matajiri wenu kwenye vichaka. Kila mtu anajua kwamba nusu ya malori yanayosema yamenyonywa mafuta, yalinyonywa dereva akiwa ameshika tochi.

Utingo Mstaafu:

Hapo umevuka mpaka. Mimi nimefanya kazi hii miaka 22, na mafuta niliyowahi kuuza hayajazi hata kandili.

Mzawa wa Mafinga:

Kandili la ukubwa gani, mzee wangu?

Mama Supu wa Stendi:

Mzawa, huyo asikutishe. Namkumbuka. Ana deni langu la chapati nane na supu mbili, na aliniambia angelipa akirudi kutoka Lubumbashi. Kumbe amestaafu hukohuko njiani.

Utingo Mstaafu:

Mama, zilikuwa chapati sita.

Shaba Imefika:

Jamani, nilikuwa na sabuni usoni.

Kijana wa Trela:

Samahani kwa kukatiza, wakubwa zangu, shikamooni. Nimesimama Ruaha Mbuyuni kwenye magunia ya vitunguu, nimetoka kuishuka Kitonga, na macho yananiuma. Sitaki kuingia Mikumi nikiwa katika hali hii. Je, kuna yeyote anayejua yadi yenye mlinzi na maji pale Mikumi mjini, kabla sijaingia hifadhini? Nina trela lenye mzigo na utingo wangu ana homa.

Mzigo wa Nje:

Jitahidi ufike kabla ya saa mbili, zaidi ya hapo patakuwa pamejaa. Usiegeshe karibu na kituo cha mafuta cha kwanza, maana usiku trela zinageuzia hapo na watakung'oa kioo cha pembeni. Egesha ukiwa umeelekeza tenki ukutani. Huyo mgonjwa mpeleke kwanza akapimwe malaria, lori litasubiri.

Mama Supu wa Stendi:

Mpe uji mwembamba, mwanangu, usimpe soda.

Utingo Mstaafu:

Kuna yadi yenye geti la kijani, mkono wa kushoto unapotoka Iringa. Maji yapo, na choo kina mlango unaofungika. Ila akikuuliza jana ulilala wapi, usithubutu kumtaja wa buluu. Ni mdogo wake, na bado wanagombania tochi.