MJADALA: Lenzi ya kwanza ya kipro kwa mpiga picha wa Dodoma, ni 24-70 f/2.8 kweli au tunakaririshana?

Mleta mada
Wakuu salama? Leo tulijadili hili mpaka lieleweke, maana kila dogo akidunduliza hela yake akauliza anunue zumu gani ya kwanza ya maana, jibu analopewa ni lile lile, 24-70 f/2.8 (inazumu milimita 24 mpaka 70, na f ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga mwingi), bila hata kumuuliza anapiga nini na ana kamera gani. Mimi nasema kwa mtu wa hapa Dodoma anayepiga picha za kila siku, yaani mahafali ya UDOM, familia pale Nyerere Square, bidhaa za watu Majengo sokoni, ubarikio Jumapili, hiyo siyo ya kuanza nayo. Aanze na 24-105 f/4.

Sababu yangu kubwa wala siyo bei, ni vumbi. Mnajua wenyewe mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo wetu ulivyo, ukifungua kamera nje ubadilishe lenzi umelikaribisha vumbi mpaka kwenye sensa inayonasa picha, halafu jioni unafungua kazi kwenye laptop, anga haina hata wingu moja lakini imejaa madoa meusi, hasa kama ulibana tundu mpaka f/11 au f/16, unabaki kufuta doa moja moja mpaka usiku wa manane. Sasa mwenye 24-70 akifika mwisho wa 70 na mhitimu yuko kule mbele jukwaani afanyeje? Abadilishe lenzi hapo hapo na vumbi lake. Mwenye 105 anavuta tu maisha yanaendelea.

Halafu jua lote hili, saa nne asubuhi ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 200 unapiga f/8 kwa shata, yaani kasi, ya 1/800 ya sekunde, hiyo f/2.8 unaifanyia nini? Mimi natumia Canon kwa hiyo naongelea Canon, 24-70 f/2.8L II ya 2012 ina gramu 805 na haina IS ya kutuliza mkono, 24-105 f/4L ya kwanza, ile ya 2005, ina gramu 670 na IS inayo. Povu ruksa ila mje na hoja.

Mdau wa Ipagala
Mkuu wewe unapiga mchana tu? Hela ya mpiga picha mji huu iko usiku, send-off, kitchen party, harusi yenyewe. Njoo ukumbini saa tatu MC kazima taa nyeupe kaacha zile za DJ za zambarau, bibi harusi anaingia anacheza, ndo utajua f/4 na f/2.8 siyo ndugu. Ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili, mahali wewe unalazimika ISO 6400 mwenzio yuko 3200, na kwenye hizi kamera zetu za zamani kutoka 3200 kwenda 6400 ndo pale chenga zinapoanza kuonekana usoni kwa watu. Na siyo mwanga tu, kamera nyingi za Canon zenye kioo ndani (DSLR) ile pointi ya fokasi ya katikati inakuwa sahihi zaidi ukiwa na lenzi ya f/2.8, hilo hujalisema.

Mleta mada
Chief hilo la fokasi nakupa. Ila ukumbini kuna flashi, igeuze darini upige, f/4 inatosha na chenchi inabaki.

Mdau wa Ipagala
Dari ipi mkuu? Ukumbi ukishapambwa vitambaa vya zambarau juu kote flashi inagonga kitambaa inarudi na zambarau yake, bibi harusi kalipia make-up ya maana anatoka na uso rangi ya biringanya. Ukiielekeza moja kwa moja usoni ndo unapata zile picha za kipaji kinang'aa na nyuma giza totoro. Mi nasema kama mtu anakula kwa kumbi, asidanganywe, 2.8.

Mleta mada
Kama anakula kwa kumbi sawa, hapo sibishani. Lakini soma mada, nimesema picha za kila siku. Watu wa kumbi wanawajibu madogo wote kana kwamba kila mtu ni wa kumbi, hapo ndo ugomvi wangu ulipo.

Mdau wa Chamwino
Mi siyo wa kumbi na bado nipo na 2.8. Napiga ngoma zetu za Kigogo, nenda kaone muheme, kina mama wamebana ngoma mapajani wanapiga, mabega na shanga vyote vinaruka, na mara nyingi utamu unakolea jua linazama. Hapo IS haikusaidii kitu wakuu, IS inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi mama anayecheza. Mwenye f/4 yuko shata 1/60 anapata mikono iliyofutika, mimi kwa mwanga ule ule na ISO ile ile niko 1/125 na hata hiyo bado haitoshi sana ila angalau nachagua mbili tatu nzuri.

Mleta mada
Hii ndo hoja bora mpaka sasa, na watu wengi wanauziwa IS kwa kuambiwa eti inagandisha mwendo, haigandishi. Ila 1/125 mwenyewe umesema haitoshi, kwa hiyo wote wawili mnahitaji mwanga zaidi, tofauti ni nani kapata afadhali. Mimi afadhali hiyo naibadilisha na kufika 105 mchana kutwa.

Dada wa Area C
Kaka zangu mnabishana 70 na 105 wakati hakuna aliyeuliza dogo ana bodi gani. Wengi wanaoanza wana kamera za kropu, zenye sensa ndogo kuliko zile kubwa za fulu fremu, kwenye kropu ya Canon unazidisha 1.6, kwa hiyo 24 yenu inakuwa sawa na 38. Nenda kapige familia sebuleni, nyumba zetu hizi sofa mpaka ukutani, mgongo umeshagota kwenye kabati la tivi na bado bega la bibi liko nje ya picha. Utamwambia bibi atoke? Kwa kropu jibu ni EF-S 17-55 f/2.8 IS, upana unaupata, 2.8 ya Ipagala ipo, IS ya mleta mada ipo. Mkitoa 17-55 mjadala mzima unabaki wa watu wa fulu fremu tu.

Mdau wa Nkuhungu
Dada hiyo 17-55 inasifika kwa kuvuta vumbi ndani kwenye kioo cha mbele, na haijafungwa mipira ya kuzuia vumbi kama hizo L za Canon za mstari mwekundu. Hapa Dodoma? Na siku akinunua fulu fremu haiingii.

Dada wa Area C
Vumbi la kioo cha mbele halionekani kwenye picha kaka, linaloonekana ni la kwenye sensa. Linakuumiza roho siku ya kuuza tu. Na hilo la "siku akinunua fulu fremu" ndo linafanya watu wanunue lenzi ya kamera ambayo hawana. Apige kazi na alichonacho, siku hiyo ikifika auze.

Mleta mada
Dada umenikaba. Kwa mwenye kropu nakubali 24-105 inabana ndani, nje bado naisimamia. Kwa fulu fremu sirudi nyuma.

Mdau wa Makole
50mm f/1.8 STM, gramu 160, hela ya kawaida. Mnateseka bure.

Mleta mada
Siyo zumu hiyo mkuu.

Mwanachuo
Samahani wakubwa, mimi nina fulu fremu ya zamani, nimepata 24-105 ya mtumba ile ya kwanza, mwenyewe anasema haina shida na kanitumia picha alizopiga nayo. Niangalie nini?

Mdau wa Chamwino
Picha alizotuma kapiga f/ngapi? Uliza. Lenzi ile ina ugonjwa wake unaojulikana, kile kiwaya bapa cha kuendesha f ndani kinachoka kwa kuzumu miaka mingi, ikiwa f/4 inapiga vizuri tu kwa sababu f haijasogea, ukibana kamera inakuletea ujumbe wa hitilafu, Err 01. Weka kamera yako Av (unachagua f mwenyewe), f/8 au f/11, piga kwenye 24, 35, 50, 70 mpaka 105, usiache hata moja. Kisha mulika tochi ya simu kwa nyuma uangalie fangasi, na inamishe kioo chini uone kama inashuka yenyewe, zile za zamani hulegea, hiyo siyo ya kukataa ila ishushie bei.

Mwanachuo
Alizotuma zote f/4.

Mdau wa Chamwino
Haya sasa. Nenda na kamera yako, akikuzuia kujaribu rudi na hela yako.